Suruali Aliyonishonea Olweny

Siku mume wangu alipokufa, mimi nilikuwa mlimani nimevaa suruali, nacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Picha ipo. Wengi wenu mmeiona. Ilizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kutoka Busia mpaka Kiyeyi kabla hata jeneza halijanunuliwa, na chini yake mtu ameandika: "Huyu ndiye mjane."

Sikujibu wakati ule. Aliyefiwa hana mdomo.

Sasa imepita miezi saba, mdomo umerudi. Kaeni niwaambie.

Naitwa Nasirumbi, lakini wengi wananiita Mama Shallon. Nakaa Sofia, hapa Busia upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuvusha mizigo ya watu kwa kichwa: trei za mayai, vitunguu, katoni za sabuni. Natoka Uganda, naingia Kenya, narudi, navuka tena. Siku ikiwa nzuri naenda mara kumi na nne. Miguu yangu haijui kupumzika, na mdomo wangu vilevile. Hilo nakubali, msinitafutie mashahidi.

Mume wangu alikuwa Olweny, mtu wa Kiyeyi kule Tororo, fundi cherehani. Mrefu kama mti wa stima, mpole, maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu. Asubuhi anakaa barazani kwenye cherehani, jioni ndipo anainuka. Tuliishi hivyo miaka ishirini na sita, mimi natembea, yeye anakaa.

Mungu alitupa mtoto mmoja, Shallon. Alichukua urefu wa baba na miguu yangu.

Shallon alikuwa mwongozaji wa watalii Mlima Elgon. Wageni wanatoka Kampala, Nairobi, wengine Ulaya, yeye anawatangulia siku nne, tano, wanalala kwenye mahema. Akija nyumbani anavuta kigoda karibu na cherehani.

"Baba, kule juu kuna pango. Asubuhi wageni wakiwa bado wamelala, mimi nakaa mlangoni pale kwa jiwe, naangalia Uganda yote. Siku moja nitakupeleka."

"Na mimi je?" nauliza.

"Mama, wewe utamaliza pumzi kwa kuongea njiani."

Wanacheka wote wawili. Mimi najifanya nimenuna.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, gari lilimgonga Shallon barabarani akitoka kununua mkate. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Hapo siongezi neno, kwa sababu sina.

Mwaka jana, mwezi wa sita, mwenzake wa kazi, msichana anaitwa Becky, akaja nyumbani. Mimi nilikuwa upande wa Kenya na mayai ya watu. Niliporudi nilikuta anamalizia chai, anaaga.

"Alitaka nini?" nikamuuliza Olweny.

"Waongozaji wanapanda njia ya Shallon. Kumkumbuka. Siku nne, mpaka pangoni."

"Na sisi?"

"Mmoja wetu anaenda."

Sikuuliza nani. Niulize nini? Pango aliahidiwa yeye. Nikaenda kuweka maji ya ugali, na moyo wangu ulifurahi kwa ajili yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lakini mlima haupandwi kwa furaha. Becky aliacha karatasi. Kila anayekwenda ajiandae wiki nane. Kila siku hatua elfu kumi na mbili, simu inahesabu, na kila Jumapili mtu anatuma picha ya hesabu hiyo kwa Becky. Mara mbili kwa wiki mtu apande kilima au ngazi na mkoba wa kilo nane mgongoni. Halafu mwishoni kuna mtihani wa kupanda Mwamba wa Tororo mpaka juu, huku wanakutazama. Becky aliandika wazi kwamba mtu akiishiwa pumzi siku ya pili kule juu, kundi zima linakwama naye.

Kesho yake asubuhi Olweny akanipa simu yake. Ameishonea mfuko mdogo wenye kamba.

"Funga kiunoni," akasema.

"Nifunge simu yako ya nini?"

"Hatua zinatakiwa."

Nikamwangalia. Nikaiangalia simu. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa.

"Baba Shallon! Mzee mzima! Unataka kudanganya watu wa mlima kwa miguu ya mke wako?"

"Wewe tembea tu."

Jamani, niliongea asubuhi ile mpaka majirani wakafungua madirisha. Mimi ni wa Umoja wa Akina Mama kanisani, nakaa benchi la mbele. Sasa niwe mwizi wa hatua? Yeye ameinama, anapitisha uzi kwenye sindano kama vile nazungumza na ukuta.

Nilifunga simu ile. Mngefanya nini? Mtu amezika mtoto wake wa pekee, anataka kuona jiwe alilokuwa akikalia. Nikasema Mungu atanisamehe, yeye mwenyewe ana mtoto.

Siku ya kwanza simu ilisoma elfu ishirini na mbili.

Upande wa Kenya nina mteja, Rasto, muuza duka. Akaniona siku ambazo mizigo ni michache navuka hata mikono mitupu ili kujaza hesabu.

"Mathe, vipi? Unakimbia ni kama umeiba!"

"Natafuta hatua za mzee."

Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika kaunta. "Yaani mzee anapiga gym na miguu yako? Mathe, huyo mzee ni mnoma!"

Nikacheka na mimi. Aibu ikichekwa inapungua.

Ngazi nazo zilikuwa kichekesho kingine. Kuna ghorofa moja hapa mjini, mlinzi wake alikuwa mteja wa Olweny. Jumanne na Ijumaa jioni tunakwenda. Mkoba una kilo nane za mchanga, amezipima mwenyewe. Tukifika, Olweny anakaa ngazi ya kwanza.

"Leo goti," anasema. "Panda wewe, nihesabu inachukua muda gani."

Ijumaa ni mgongo. Jumanne nyingine ni kidole cha mguu. Mimi napanda, nashuka, mara ishirini, jasho linatiririka mpaka puani, yeye na saa yake.

"Kule mlimani pia nitakupandia?" nikamfokea.

"Pumzi yako nzuri," akasema. Basi.

Halafu ikaja suruali.

Nilikuta amekata kitambaa kizito, cha kijani. Akaniambia nisimame. Akazungusha futi kiunoni mwangu.

"Unashona nini?"

"Suruali ya mlima."

"Mbona unanipima mimi?"

"Simama wima."

Mimi tangu nizaliwe nilikuwa sijavaa suruali. Kwetu kwa Wasamia, mama wa umri wangu akivaa suruali wanamwitia mkutano. Akaniambia nivae tu aone mshono. Nikavaa nikiwa nimefunga mlango. Ilinifika kisigino barabara.

"Wewe mwanamume, hii si itakuishia magotini?"

"Nitaangalia," akasema, akaweka alama ya chaki kwenye pindo.

Nilikwenda kwa jirani nikamwambia msiba umemgusa mzee kichwani. Mtu ameshona miaka thelathini, leo anasahau urefu wake mwenyewe.

Najua mnaniona mjinga. Hata mimi najiona.

Lakini kadiri wiki zilivyokwenda, kicheko kilinikauka. Nilianza kumsikia Olweny anavyopumua. Akitoka tu cherehani mpaka choo cha nyuma, akirudi anasimama kidogo, ameshika ukuta. Nikasema huyu mtu akipanda mlima ule, nitaletewa maiti. Na nitakuwa nimemuua mimi, kwa hatua zangu. Nikaamua siku ya mtihani namwambia Becky ukweli wote, hata kama Olweny hatanisemesha mpaka Krismasi.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Tukaenda Tororo. Becky alikuwa chini ya mwamba na wageni wanne waliojiandikisha kwa safari ile, nao wanapimwa, mmoja wao dada mchangamfu wa Jinja, anaitwa Kate.

"Tangulieni," Olweny akasema, akakaa kwenye jiwe. "Mama Shallon, chukua mkoba."

Nikauchukua, maana nilitaka kufika juu niongee na Becky tukiwa mbali naye. Tukapanda. Kuna mahali unakwenda kwa ngazi za chuma, unashika kwa mikono miwili na hutakiwi kuangalia chini. Sikusimama hata mara moja. Nilikuwa na hasira, na hasira inapanda vizuri.

Kule juu upepo unavuma, unaona mji wote na reli na mashamba. Nikamvuta Becky pembeni.

"Mwanangu, nisamehe. Tumewadanganya. Zile hatua zote ni zangu. Zile ngazi ni zangu. Mzee hajatembea hata siku moja. Usimpeleke. Atakufia njiani, na ninyi mtapata matatizo, na mimi nitabaki na nani?"

Nikaanza kulia. Becky ananiangalia tu.

"Mama," akasema, "Baba hayuko kwa orodha."

"Hayuko vipi?"

Akatoa karatasi. Majina sita. La tano: Nasirumbi, miaka hamsini na moja, Busia.

"Nafasi zenu zilikuwa mbili. Baba alijitoa siku ile ile nilipokuja. Aliniambia nisikwambie, atakwambia mwenyewe." Akafungua simu yake, akanionyesha ujumbe wa Olweny. Ulisema: *Mke wangu ana miguu mizuri sana. Ila anaongea. Mvumilieni.*

Jinsi nilivyoshuka mwamba ule siijui. Nilimkuta amekaa pale pale, anakula mahindi ya kuchoma.

"Wewe!" Nikamnyooshea kidole. "Wewe mwanamume! Wiki nane!"

Akaweka mahindi chini.

"Daktari alisema moyo umekuwa mkubwa. Tangu mwezi wa tatu. Mlima mimi siwezi."

"Mwezi wa tatu! Na mimi mkeo najua leo?"

"Ningekwambia, ungekubali kwenda?"

"Nisingekubali!"

"Basi."

Nilikataa. Siku tatu nilikataa, nikarusha mkoba, nikaapa. Yeye hakubishana. Siku ya tatu jioni akasimamisha cherehani, akaongea maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka kwake kwa mara moja.

"Mtoto alikuwa anakaa pale peke yake, anatukumbuka. Hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kufika. Mimi nilichelewa. Nilimwambia mwaka ujao, mwaka ujao, suti za harusi za watu zimejaa. Nenda ukae pale. Ukirudi unieleze yote, hata majani. Nitakusikiliza, sitakwambia unaongea sana."

Nikauokota ule mkoba.

Dada yake, wifi yangu Awor, akatoka Kiyeyi kuja kumwangalia zile siku nne. Nikamwonyesha dawa na saa za dawa. Tulibadilishana simu na Olweny, mimi nikaenda na yake, yeye akabaki na yangu ndogo ya kubonyeza. Asubuhi ya Jumatatu alinifunga mkanda wa mkoba mwenyewe. Akaangalia suruali mbele na nyuma.

"Imekaa," akasema.

Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Sikujua, ningelibusu.

Mlimani nilikuwa wa kwanza kufika kila kituo. Wale wageni wanahema, mimi nawapa habari za Busia. Kate alinipenda, akawa ananipiga picha kila kona. Jumatano asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, njia ni matope matupu, nikateleza nikakaa chini pwaa! Wote wakaacha kupumua. Mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tumzike Shallon. Kate akapiga.

Ndiyo ile picha yenu.

Siku ile, saa tisa alasiri, tukafika pangoni.

Si kubwa sana. Ndani kuna alama za moshi za watu waliopika zamani. Nje kuna mimea mirefu kuliko mtu, vichwa vyake kama kabichi, na maji membamba yanadondoka mlangoni. Becky akanionyesha jiwe, kisha akawaondoa watu wote.

Nikakaa. Limechongoka upande mmoja, lazima ukae umeegemea kushoto. Nikawaza mtoto wangu alikaa ameegemea kushoto. Mbele yangu nchi yote iko chini, imenyamaza. Nikalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Nililia mpaka nikachoka, halafu nikapata amani, nawaambia ukweli. Nikakaa pale mpaka jua linaingia.

Kesho yake tunashuka, sikuongea na mtu. Kate akafikiri naumwa. Wapi! Nilikuwa napanga. Kwanza nimwambie Olweny habari ya jiwe, kisha maji, kisha majani, kisha moshi ukutani. Nilipanga kama mtu anayepanga mayai kwenye trei, lisivunjike hata moja.

Tulipofika getini mtandao ukarudi. Simu ikaanza kutetemeka, ikatetemeka, ikatetemeka. Mtu amepiga mara arobaini na tatu, na namba ni ya kwangu mwenyewe.

Nikapiga. Akapokea Awor.

"Uko wapi, mulamu?" Mulamu kwao ni wifi.

"Niko getini, nimemaliza! Mpe mzee simu."

"Rudi."

"Mpe simu kwanza, Awor."

"Nimesema rudi."

Nikakaa chini pale pale kwenye changarawe.

Nilifika Kiyeyi jioni ile, kwao Olweny, ambako walikuwa wamempeleka. Niliingia uwanjani na suruali ya matope, kwa sababu nani alikuwa anafikiria nguo? Wanawake wa ukoo wakanitazama kuanzia miguuni. Hakuna aliyenyanyuka kunipa nafasi kwenye mkeka.

Awor akasimama mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu nimemfumba macho mimi. Mikono hii. Ile kazi ilikuwa ya mke. Mke alikuwa matembezini."

Alisema kweli.

Msiniulize picha ilitoka wapi. Kate aliituma mtandaoni kabla hajajua, maskini, na baadaye aliniomba msamaha akilia. Lakini aliyeichukua pale na kuipeleka kwenye grupu la ukoo, na kuandika yale maneno, alikuwa amekaa nami kwenye matanga, anakula.

Tulimzika Jumamosi, pembeni ya Shallon.

Jumanne yake mchana watu walikuwa wamepungua. Nilikuwa nyuma ya nyumba nabangua karanga. Awor akaja. Sikuinua kichwa, nikajisemea leo amekuja kumalizia maneno yake.

Akakaa, akachukua karanga kwenye ungo wangu, akaanza kubangua na yeye. Tukabangua muda mrefu.

"Jumatano alikuwa mzima," akasema. "Alikunywa uji, akamaliza. Akakaa kwa cherehani, lakini hakushona. Anauliza tu. 'Awor, unafikiri amefika?' Namwambia bado. Kidogo tena, 'Awor, sasa amefika?' Mara ya tano au ya sita mimi nikachoka. Nikamwambia, 'Wewe mzee, mimi najua njia ya mlima? Niache nioshe vyombo vyangu!' Nikaingia ndani."

Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Nikatoka na sahani mkononi. Kichwa kiko juu ya cherehani. Saa nne ya asubuhi ilikuwa ndiyo imelia kwa redio."

Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu siku tano, kumbe alikuwa anapigana na jibu lake mwenyewe.

"Mulamu." Akanishika mkono. "Hiyo saa nne. Ulikuwa umefika?"

Ndugu zangu, saa nne nilikuwa kwenye matope. Pango lilikuwa mbele, mwendo wa masaa matano.

"Nilikuwa nimefika," nikasema. "Awor, nilikuwa nimekaa pale kabisa, kwenye jiwe la mtoto."

Aliangua kilio, akaweka kichwa mapajani mwangu juu ya maganda ya karanga. Alipotulia akasema, "Niambie kulikuwaje."

Nikamwambia. Yote niliyompangia Olweny, kwa mpango ule ule, nikampa dada yake. Jiwe, maji, majani, moshi wa ukutani. Hakunikatiza hata mara moja.

Zile hatua hazikuwa uongo, zilikuwa zangu, na kwa jina langu. Uongo wangu ni huu mmoja, nimeusema leo hapa, na kwa Awor sitaurudisha. Hasomi mambo ya mtandao. Mnaomjua, nawaomba mnyamaze.

Somo langu ni fupi. Ukiona mwenzako anakazana kukuandaa wewe kwa safari, mtazame yeye kwanza. Muulize anaumwa wapi, na usikubali akujibu akiwa ameinamia kazi.

Na kama akishakwambia bado anakutuma, nenda. Ila utembee haraka.